Gari la Marehemu Lisiuzwe Kabla Hatujalijua



Katika kikao chetu cha siku ya pili ya Idi palitolewa shauri kwamba ile pikapu ya marehemu kaka yangu, ambayo mwaka wa pili sasa imekaa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba bila kwenda, iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vijana wakaafiki, na baadhi ya wazee wakaafiki pia. Siku ile sikusema neno, maana mtu akisema naye amekasirika husema asiyoyakusudia. Leo nimetulia, nami namwomba mhariri anipe nafasi katika kitabu chetu cha mwaka huu nitoe rai yangu. Atakayeipinga na aipinge, lakini kwanza aisome mpaka mwisho.

Kwa wale waliokulia mbali na sisi, niseme kidogo habari za gari lenyewe. Ni Land Rover 109, Series III, pikapu ya springi za majani, ya mwaka 1976. Watu wa hapa husema bakkie. Marehemu aliinunua mwaka 1996 kwa mkulima wa miwa, wakati familia zetu ndiyo kwanza zinaanza kufika hapa, hatuna kitu wala hatujui njia. Hakuna nyumba hata moja kati ya zetu ambayo vitanda vyake na masanduku yake hayakupandishwa mlima na gari lile. Lilichukua maharusi, na lilichukua jeneza. Usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Aprili 2022, mafuriko yalipoivunja KwaZulu-Natal na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha yao, mabomba ya maji yalikatika mahali pengi. Marehemu, naye wakati huo hali yake si nzuri, alipakia mapipa akawa anagawa maji kwa siku nyingi, kwa jamaa na kwa wasio jamaa. Mwaka uliofuata akatutoka.

Walakini sitaki mtu aseme kwamba mwalimu anatetea gari kwa machozi. Machozi hayaendeshi gari. Na wanaotaka liuzwe wana hoja ya kweli, tena nzito, nami nitaieleza mimi mwenyewe ili isisemwe kwamba nimeificha.

Baada ya msiba, mpwa wangu alipakia saruji akawa anapanda nayo mtaani kwetu, na mtaa wetu, kama mjuavyo, umesimama kama ngazi. Katikati ya mlima akasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, na papo hapo gari likakosa nguvu: injini inanguruma, magurudumu hayavuti. Akakanyaga breki likasimama. Akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, akateremka kutazama. Hakupiga hatua tatu, gari likaanza kurudi nyuma. Likateremka peke yake na mzigo wake, likavuka barabara, likaegemea ukuta wa jirani. Mtoto wa jirani alikuwa amepita pale muda mfupi tu uliotangulia. Ukuta tuliujenga upya. Je, mtoto tungemjenga upya kwa nini?

Kuanzia siku ile hofu iliingia. Wako waliosema breki ni mbovu, na wako walionong'ona kwamba gari lina mwenyewe. Tukanunua viatu vipya vya breki ya mkono, tukavitia. Gari likasukumwa kidogo penye mteremko, breki ikavutwa, gari likaenda vilevile. Hapo ndipo watu walipokata tamaa, na hapo ndipo mimi nilipoanza kuona haya. Mtu aliyesomesha watoto miaka thelathini na tatu, akiwaambia kila siku soma swali kabla hujajibu, alikuwa amejibu swali ambalo hakulisoma.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku moja nilitandika gunia, nikaingia chini ya gari na tochi na daftari, pamoja na mjukuu wangu wa kike aliye kidato cha pili, naye ndiye mwenye macho. Tulichokiona na tuliyoyafahamu nitawaeleza kwa utaratibu, kwa sababu rai yangu yote imesimama juu yake.

Nguvu ya gari hili hutoka katika injini ikapita kwenye klachi, ikaingia katika giaboksi, kisha katika sanduku la pili la gia lililoshikamana na lile la kwanza. Sanduku hilo la pili ndilo linaloamua kama gari litakwenda kwa gia nyepesi au nzito, na kama litavuta kwa magurudumu mawili au manne. Kutoka hapo propela moja huenda nyuma na nyingine mbele. Kila propela huingia katika difu, na difu huigawa nguvu kulia na kushoto kwa hafushafti, yaani zile nondo mbili zilizojificha ndani ya ekseli ambazo ndizo hasa zinazozungusha magurudumu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, tumepanda gari hili karibu miaka thelathini. Breki ya mkono ya Land Rover hizi za zamani haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyoko nyuma ya sanduku la pili la gia, pale propela ya nyuma inapoanzia. Kwa hiyo inazuia propela isizunguke, na propela ndiyo inayozuia difu, na difu kupitia hafushafti ndiyo inayozuia magurudumu. Hafushafti moja ikikatika, mnyororo umekatika. Breki itaishika propela barabara, na magurudumu yatazunguka yatakavyo. Viatu vile tulivyonunua havikuwa na kosa, wala vya zamani havikuwa na kosa. Ule mlio alioosikia mpwa wangu ulikuwa hafushafti inakatika, na mlio huohuo ndio ulioondoa breki yake ya mkono. Laiti angaliujua, angaliweka jiwe nyuma ya gurudumu kabla hajateremka, au angalikibonyeza kile kirungu cha manjano kinachounga magurudumu ya mbele, na ekseli ya mbele ingalilishika gari. Simlaumu. Hakuna aliyemfundisha, na waliopaswa kumfundisha ni sisi.

Basi tukasema, jambo dogo, tununue hafushafti. Gari ni Series III 109, kila kitabu kinasema gari hilo nyuma lina ekseli ya Salisbury, tukaagiza hafushafti za Salisbury. Fedha ikatoka. Zilipofika hazikuingia. Muuzaji hakukubali kuzirudisha, wala simlaumu, kwa kuwa alituuzia kile tulichokitaja. Kosa lilikuwa letu: tuliamini bati la jina lililoko juu, hatukutazama kilichoko chini.

Tulipotazama tuliona hivi. Ekseli ya Salisbury ina kifuniko upande wake wa nyuma, kimefungwa kwa boliti kuzunguka, na ukikifungua unaiona difu kwa ndani. Ekseli ya Rover mwenyewe ni laini nyuma kama mgongo wa chungu. Nati zake ziko mbele, na difu hutoka nzima kwa mbele. Yetu ilikuwa laini nyuma. Mjukuu wangu akakisafisha kile kipande cha shafti kilichokatika kwa mafuta ya taa, akahesabu meno ya ncha yake: 10. Akahesabu ya zile mpya: 24. Akanitazama bila kusema, kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyekosea ubaoni. Kumbe mtu fulani, kabla marehemu hajalinunua, alikuwa ameitoa ekseli ya asili na kutia ya gari la zamani zaidi.

Nilikumbuka chuoni, nilipokuwa na umri wa miaka sita, ubao juu ya magoti. Maalimu wetu alikuwa hakuruhusu usome neno mpaka uzitambue herufi. Be, te na the zina kiwiliwili kimoja. Anayetazama kwa mbali ataziona ni kitu kimoja, na tofauti yake ni nukta tu, moja chini, mbili juu, tatu juu. Mtoto asiyehesabu nukta hubadilisha maana yote. Sisi watu wazima tulikuwa hatukuhesabu nukta.

Fauka ya hayo, injini nayo si ile tuliyoidhani. Gari hili liliundwa na injini ya petroli ya lita 2 na robo. Iliyomo sasa ni ya dizeli, ya silinda nne, muundo wa Perkins, nayo ilitengenezwa Atlantis, kule upande wa Cape Town. Historia yake inafaa watoto waijue. Serikali ya ubaguzi, ilipoona dunia inaifungia milango, ilianzisha kiwanda pale mwishoni mwa miaka ya 1970 ili nchi isitegemee injini za dizeli kutoka ng'ambo, na kiwanda kile kikaunda kwa leseni injini za Perkins na za Daimler-Benz. Injini yetu ni ya aina iitwayo 4.236, na jina hilo ni maelezo yake: silinda 4, na ujazo wa inchi za mraba tatu 236, sawasawa na lita 3.9 hivi. Ina nguvu ya kuvuta kuliko ile ya petroli kwa kiasi kikubwa. Sasa unganisheni wenyewe: injini nzito ya dizeli mbele, ekseli nyepesi ya kale nyuma, hafushafti yenye meno 10, mzigo wa saruji, na mlima wa Pinetown. Hapana jini hapo. Pana hesabu. Ajabu si kwamba ilikatika, ajabu ni kwamba ilivumilia miaka yote ile, na nadhani ilivumilia kwa kuwa marehemu alijua kuondoka taratibu na hakuwa mtu wa kukurupusha klachi.

Baada ya kikao nimesikia rai za namna tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kuuza. Ya pili ni ya vijana wetu wenye uwezo, wanaosema litolewe kila kilichomo, litiwe injini mpya ya Kijapani na giaboksi isiyo na klachi, lipakwe rangi ing'aayo. Ya tatu ni ya shemeji yangu, ambaye amesoma sana majarida ya magari, naye asema lirudishwe lilivyotoka kiwandani, hata boliti isiwe ya kigeni, injini ya dizeli itupwe na ya petroli itafutwe.

Kwa heshima zote, hao wote watatu wanafanya kosa moja. Wanataka kutenda kabla ya kujua. Anayeuza hajui anauza nini. Anayetia injini mpya atakuwa amezidisha nguvu juu ya ekseli ileile iliyokwisha kushindwa. Na anayetafuta asili hajauliza asili ya nani. Kwa mkulima wa miwa gari hili lilikuwa hivi lilivyo, na kwa marehemu lilikuwa hivi. Gari limekaa na mchanganyiko wake muda mrefu kuliko lilivyokaa na usafi wake wa kiwandani.

Hapa Durban wapo ndugu zetu waitwao Wazanzibari. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Kiingereza zilishusha hapa watu waliokombolewa katika majahazi ya utumwa, na wengi wao walikuwa Wamakua wa upande wa Msumbiji. Jina la Zanzibar wakabaki nalo. Wakakaa King's Rest, kule Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Anayesoma jina tu atakosa habari yao yote, na anayekaa nao akasikiliza wazee wao ataijua. Na sisi wenyewe je? Watoto wetu wana lafudhi ya Natal, mapishi ya Tanga na Mombasa, na pasi za nchi tatu. Je, tuwarudishe kiwandani?

Shauri langu basi ni hili, nami naliweka mbele ya kikao kijacho.

Kwanza, gari lisitembee hata hatua moja mpaka breki zote zikaguliwe. Breki zake ni ngoma za inchi 11, na ngoma zikipata moto mteremkoni hulegea. Tusisahau kwamba tunakaa chini ya Field's Hill, ambako tarehe 5 Septemba 2013 lori lilishindwa kusimama likaua watu zaidi ya 20 waliokuwa katika teksi zao wakienda zao nyumbani. Gari linalobeba watu si chombo cha kujaribia.

Pili, tutafute ekseli nzima ya Salisbury iliyotumika, ya gari la aina hiyohiyo. Zile hafushafti tulizonunua kwa makosa zitaingia humo, na kosa letu litakuwa limelipa nusu ya gharama. Lakini safari hii tupime kabla. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, la sivyo siku ukiunga magurudumu manne zitashindana zenyewe mpaka kimoja kivunjike. Ya mbele ni 4.7, maana yake meno 47 ya gurudumu kubwa kwa 10 ya pinioni. Namna ya kupima haihitaji kuvunja kitu: zuia magurudumu ya upande wa pili kwa mawe, inua gurudumu moja kwa jeki, weka gia huru, lizungushe gurudumu hilo mizunguko miwili kamili, na mwenzio ahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na karibu robo tatu, ndiyo hiyo. Ikizunguka mara tatu na nusu, iache hapohapo dukani hata akupunguzie bei vipi. Tena propela ya nyuma ipimwe upya, maana pua za difu hizi mbili hazilingani urefu.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, pawe na daftari la gari. Kila kipande kiandikwe jina lake, nambari yake iliyogongwa, kimetoka wapi, na nani alikifunga. Nambari ya chesisi na ya injini zilinganishwe na hati ya usajili, kwa sababu gari lililobadilishwa injini bila kuandikishwa litatuletea maneno na polisi. Marehemu alikuwa na haya yote kichwani mwake. Alipozikwa, yalizikwa naye. Sisi tulirithi ufunguo, maarifa hatukuyarithi.

Nne, kazi ifanywe na vijana wenyewe Jumamosi, chini ya fundi wa kweli atakayelipwa haki yake, wavulana kwa wasichana. Mjukuu wangu ameshathibitisha kwamba grisi haichagui. Rangi na mapambo vingoje.

Nitaulizwa fedha itatoka wapi, na kama si bora zaidi iende kwenye karo. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sitaki senti ya mfuko wa karo. Nimetenga kitu katika pensheni yangu, na atakayependa kuniunga mkono ataniona mwenyewe. Nataka muda tu: mwaka mmoja, mpaka kitabu chetu kijacho kitakapochapwa. Ikiwa wakati huo gari halikupita ukaguzi wa serikali wa usalama wa barabarani, mimi mwenyewe nitampigia simu yule mnunuzi wa vyuma, na daftari nitawakabidhi watoto ili wajue walau tulichokiuza.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi naongeza dogo: wala usiukunje mbachao ukautupa kabla hujautazama umefumwa kwa nini. Mpwa wangu, tangu siku ile ya ukuta, hajashika usukani wa gari lolote. Jumamosi iliyopita alikuja akasimama mbali, mikono mifukoni, anatutazama tukiwa chini ya gari. Mjukuu wangu akamwita: "Mjomba, njoo uhesabu meno haya, babu haoni." Akavua koti, akalala juu ya gunia, akahesabu. Yakawa 10.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu mstaafu, Pinetown